Nukta Nyekundu ya Theda Boelsen

Kijijini kwetu Jemgum kila mtu ana baiskeli, kwa hiyo hakuna aliyemwona Theda Boelsen kuwa mtu wa ajabu kwa sababu ya baiskeli yake. Walichoshangaa ni waya. Ulitoka katikati ya gurudumu la mbele, dainamo ilipofichwa, ukapanda hadi kwenye kisanduku cha bati alichokitengeneza kaka yake, kisha ukaingia kwenye kifaa cha kuonyesha njia kilichofungwa juu ya usukani. Gurudumu lilipozunguka kwa kasi, betri za kifaa zilijaa. Lilipozunguka polepole, hazikupata kitu. Theda alikuwa akisema baiskeli yake ina njaa kuliko yeye mwenyewe.

Alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini Leer mpaka alipostaafu, akipima na kufunga, akiwaeleza wazee wa vijiji vyote vya mtoni kidonge kipi ni cha asubuhi. Hakuolewa. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa kivuko cha Ditzum, watu wazima wanamkumbuka, lakini alitaka mke wa kukaa naye Jumapili dirishani, na Jumapili Theda alikuwa barabarani. Mwanamume yule alioa kwingine. Theda akabaki kwenye nyumba ya wazazi nyuma ya tuta, pamoja na kaka yake Reemt, fundi umeme wa kiwanda cha meli. Sisi tuliishi upande wa pili wa ua, na nimewasikia wakibishana tangu nilipokuwa msichana.

Walikuwa na jambo lao moja. Kila kiangazi waliupanda mto Ems kwa baiskeli kipande kimoja, kutoka baharini kuelekea chanzo chake, wakarudi kwa treni, na mwaka uliofuata wakaanzia pale pale walipoachia. Masharti aliyaweka Reemt. Umeme wa kifaa lazima utoke miguuni.

"Ukichomeka ukutani, afadhali upande treni," alisema.

"Treni tunapanda kila mwaka, kaka."

"Ya kurudi. Ya kurudi haihesabiwi."

Walikuwa wamefika Rietberg, bado mwendo wa asubuhi moja tu kufika kwenye chanzo, kiharusi kilipompiga Reemt. Upande wake wa kulia ulikufa na maneno yakawa yanamtoka kwa uzito, kama mtu anayevua buti zenye tope. Theda alimwinua kitandani asubuhi na kumlaza jioni, mwaka baada ya mwaka, hadi mgongo wake mwenyewe ukakataa. Masika hii ikapatikana nafasi kwenye nyumba ya matunzo, Leer. Theda alizunguka na habari ile siku kadhaa kabla ya kumwambia.

Reemt hakupiga kelele. Alisema atakwenda, ila kwanza Theda aumalize mto, naye auone ukimalizwa. Jumatatu gari lingekuja kumchukua. Kwa hiyo ilibidi iwe kabla ya Jumatatu.

Kifaa kile hakikuonyesha njia tu. Kilipeleka habari angani, na kwenye kompyuta ya Reemt ikatokea nukta nyekundu juu ya ramani, mahali Theda alipo. Betri zikiisha, nukta inageuka kijivu na kubaki ilipokuwa. Safari hii Theda hakuanzia Rietberg; aliondoka nyumbani, ili Reemt auone mto wote, siku ya upepo wa kaskazini, na mimi nikaachiwa kaka yake, funguo, na maelekezo ya chai.

Nilikaa naye mbele ya kioo cha kompyuta siku zote hizo. Nukta ilipita Papenburg, ikapita Meppen, ikalala Lingen. Reemt aliifuata kama mtu anayesoma gazeti.

"Amesimama Rheine. Anakula keki."

"Umejuaje ni keki?"

"Pale kuna duka la keki. Imke, umekoroga chai yangu!"

"Sijakoroga."

"Malai yamezama. Kwetu huachwa yaelee, chai haikorogwi. Umekulia wapi wewe, mjini Bremen?"

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini niliona mkono wake mzima haukutoka kwenye meza. Ulikaa karibu na kioo, kama mtu anayekinga mshumaa.

Asubuhi ya mwisho mvua ilinyesha kule kusini. Reemt aliiona kwenye taarifa ya hali ya hewa, akaniambia nimpigie Theda. Theda alikuwa na simu ya zamani ya vibonyezo, ya kuongea tu.

"Washa taa," Reemt alimwambia. "Madereva wa huko hawaoni kitu kwenye mvua."

"Ni mchana, kaka."

"Washa. Usinifanye nikae hapa nikiogopa."

Akawasha. Hapo ndipo walipokosea wote wawili, na hakuna mtu mwingine ambaye angekosea vile. Dainamo haiwezi kulisha taa na betri kwa pamoja ila ukienda kwa kasi. Kwetu, nchi ikiwa tambarare kama sinia na upepo ukiwa mgongoni, mtu huenda kasi bila kufikiri, na vyote viwili hula na kushiba. Walikuwa wameishi hivyo maisha yao yote. Hawakukumbuka kwamba kule juu barabara inainuka kidogo kidogo, na kwamba baada ya kijiji cha mwisho njia inaingia msituni na kuwa mchanga mtupu. Theda alipoingia kwenye mchanga, tairi ilizama hadi kwenye chuma cha gurudumu. Alishuka akasukuma. Taa ilikuwa ikipepesa mbele yake, nyekundu zaidi kuliko nyeupe, na kifaa kilikuwa kikila akiba yake ya mwisho.

Nukta ikawa kijivu muda mfupi kabla ya chakula cha mchana.

Reemt aliigusa kwenye kioo kwa kidole, akaigusa tena. Nilimpigia Theda, simu ikaita bila kujibiwa. Ilikuwa ndani ya mfuko chini ya koti la mvua, naye alikuwa ameinama kwenye usukani akisukuma. Nilipiga tena na tena. Nilimwona Reemt akitaka kusema jina la dada yake na jina likikataa kutoka, na nikageuka kwenda kuangalia birika, kwa sababu hakuwa mtu wa kupenda kutazamwa.

Hatimaye simu ya mezani ikalia.

"Kaka, kimezimika."

"Nilidhani umeanguka."

"Sijaanguka. Ni taa. Imekula yote."

Kisha Reemt akasema, "Mimi ndiye niliyesema uwashe."

"Nami nikawasha. Sikiliza, nimebakiza kidogo tu. Nitakwenda kwa miguu, nikifika nitakupigia nikuambie."

"Usiniambie. Mambo ya kuambiwa ninayo mengi siku hizi. Nataka kuona."

Theda alikuwa amerudi hadi ukingoni mwa msitu ili atoke mchangani kabla ya kupiga. Hapo kando ya barabara ya lami palikuwa na kibanda cha kuuzia mboga za asparaga, na ndani yake mama mmoja mnene aitwaye Bi Austermann, akiwa na mzani, redio, na mbwa mdogo. Alikuwa amesikia mazungumzo yote bila aibu.

"Kuna mama hapa," Theda alisema kwenye simu. "Ana umeme wa mzani wake. Anasema nichomeke."

Nilikuwa nimeshika kipokea sauti sikioni kwa Reemt, na nilisikia. Nilimwangalia. Alifumba macho.

"Fanya unavyotaka," akasema. Ikaisha hapo.

Theda alinisimulia baadaye jinsi alivyosimama mbele ya kibanda na waya mkononi. Bi Austermann alikuwa ameshautoa mzani na kuachia soketi wazi.

"Chomeka, mama. Umeme ni ule ule."

"Si ule ule."

"Wa kwenu una rangi gani?"

Theda akacheka, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwetu kabla ya siku ile. Alisema kaka yake hawezi tena kusogeza mguu, na kitu pekee anachokiona kikienda ni ile nukta. Kama umeme wake ungetoka kwenye mzani wa asparaga, Reemt asingejua. Ila yeye angejua, na Jumatatu atampeleka mahali ambapo tayari kuna mambo mengi ambayo Reemt hatajua.

Bi Austermann aliurudisha mzani kwenye soketi. "Ninyi watu wa kule kwenye matope mna vichwa vya mawe," akasema. "Barabara hiyo hapo, imenyooka. Endesha basi."

Mvua ilikuwa imekatika. Theda alizima taa, akavua koti, akapanda. Alikwenda kwa nguvu zote kuelekea kijijini, akageuka kwenye kituo cha basi, akarudi hadi kwenye msitu, akageuka tena. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, mgongo unauma, akienda na kurudi kwenye lami ile ile bila kufika popote. Mbwa alimbwekea kila alipopita.

"Utaniulia mbwa!" Bi Austermann akapiga kelele. "Sauti imekwisha!"

"Mwambie apumzike, mimi siwezi!"

Kwetu nukta iliwaka ghafla. Nilikuwa nakata mkate, Reemt akapiga meza kwa kiganja.

"Imke! Njoo! Yuko barabarani." Kisha uso ukakunjamana. "Anarudi nyuma. Kwa nini anarudi nyuma?"

Tuliitazama. Kila baada ya muda nukta iliruka mahali pengine kwenye mstari ule ule mfupi. Huku. Kule. Huku tena.

"Amepotea," nikasema.

"Apotee wapi? Barabara imenyooka kama rula, hata wewe usingepotea." Aliitazama tena, na taratibu upande ule mmoja wa mdomo wake ukapanda. "Hajachomeka. Ona, hajachomeka! Anachaji, mwendawazimu yule!"

Alicheka hadi akakohoa, nikampigapiga mgongoni. Alipotulia alikuwa akilia, nami nikampa leso. Aliendelea kuitazama nukta ikienda na kurudi. Wakati fulani niligundua kwamba mguu wake mzima, chini ya meza, ulikuwa ukipanda na kushuka.

Alasiri nukta iliacha barabara na kuingia msituni. Ilikwenda polepole sana. Theda alikuwa akisukuma tena, na sasa hakuna kilichoingia kwenye betri, kilichokuwapo kilitumika tu. Reemt aliacha chai ikapoa. Mstari wa bluu wa mto kwenye ramani ulizidi kuwa mwembamba, ukawa kama uzi, ukakatika, na nukta ikakaa juu ya mahali ulipokatika.

Simu ikalia. Nilimwekea Reemt sikioni, nikabaki nimeishikilia, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Umefika," Reemt akasema. Alitaka kulisema yeye.

"Nimefika."

"Pakoje?"

"Hakuna mtu. Kuna misonobari, na shimo dogo lenye majani. Maji yanatoka mchangani, hata huyaoni yakitoka, unaona mchanga ukitetemeka tu. Kaka, nikiweka kiatu changu hapa nauziba mto wote."

"Usiuzibe. Tutakosa maji ya chai huku."

Nilisikia Theda akicheka, kisha nikasikia kicheko kikibadilika. Upande ule wa simu palikuwa na ndege mmoja, na upande wetu saa ya ukutani ya wazazi wao.

"Tulipanga tuje wawili," Theda akasema.

"Najua tulivyopanga."

"Niende sasa? Treni iko jioni."

"Kaa kidogo," Reemt akasema. "Kaa hapo hapo ulipo. Usisogee."

"Nikisimama gurudumu halizunguki."

"Kaa tu."

Akakaa. Alisema ameilaza baiskeli kwenye majani na kuketi kando yake, mkono juu ya gurudumu la mbele. Waliongea kidogo sana. Reemt alimuuliza kama viatu vimelowa, akasema vimelowa. Theda aliuliza kama amekula, akasema Imke amemlisha mkate mkavu. Mkono wangu ulianza kufa ganzi kwa kushikilia simu, lakini sikuubadilisha.

Nilikuwa nikitazama kioo nukta ilipogeuka. Haikufifia. Ilikuwa nyekundu, kisha ikawa kijivu. Nilimwangalia Reemt, na macho yake yalikuwa pale pale, wazi.

"Kaka," Theda akasema, "bado upo?"

"Nipo."

"Bado nimekaa hapa. Sijasogea. Unaniona?"

Reemt aliweka kiganja chake juu ya kioo, juu ya nukta, akaifunika yote.

"Nakuona," akasema.