Goli Lisilo na Ubao

Watu wakiandika juu ya mpira wa kikapu hupenda kusema kwamba mchezo ni maisha. Uongo. Ningekuwa nataka maisha ningebaki jikoni. Niliupenda mchezo kwa sababu haukufanana na nyumbani: ukifunga umefunga, na hakuna shemeji wa kuuliza nani alikuruhusu.

Nilijifunza shuleni Mvara, kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa Koboko, upande wa Dranya, nikazaa. Mume wangu anaendesha lori Juba. Akipiga simu anauliza mtoto, anauliza mihogo. Mimi haniulizi.

Hapakuwa na mtu wa kucheza naye, kwa hiyo nilichukua daftari nikaanza kuuandika mchezo. Kurasa nyingi niliandika juu ya pasi tu. Niliandika kwamba pasi ni mtu kukufikiria kabla hujafika. Anarusha mpira mahali ambapo hakuna kitu, hewa tupu, kwa sababu anaamini utakuwa pale. Nilipoisoma nikakasirika. Nani ananifikiria mimi hivyo?

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea Koboko mjini, nikamwambia anitengenezee goli la kikapu. Niliporudi kulichukua nikakuta bomba refu na duara juu, basi.

"Ubao iko wapi?"

"Ubao gani, mama? Shule zote natengenezea hivi. Wasichana hawalalamiki."

"Hii ni ya netiboli."

"Na wewe si mwanamke?"

Nilimtukana, nikalichukua hivyo hivyo. Kosa halikuwa lake peke yake. Huku kwetu mwanamke akitaja goli, kila mtu anaona netiboli: unadaka, unasimama, huruhusiwi kukimbia na mpira. Nikalisimamisha nyuma ya nyumba. Mpira ukikosa, hakuna kitu cha kuurudisha, unapita moja kwa moja hadi kwenye mihogo. Narusha, nafuata. Narusha, nafuata. Mtoto amekaa kwenye mkeka ananitazama kama mtu aliyetumwa na mwenye nyumba kunichunguza. Nikaandika kwamba kazi ya ubao ni kukurudishia kosa lako mkononi, ujaribu tena. Halafu nikaikata sentensi hiyo, maana na mimi nilikuwa nimeanza kusema mchezo ni maisha.

Jumamosi moja nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda boda hadi uwanja wa maramu, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa, wanapocheza vijana wa Sudan Kusini. Kule kuna ubao. Lakini nilichokitaka kilikuwa kingine: mtu mmoja anipe pasi. Moja tu ingetosha.

"Mama, kuangalia iko kule," mmoja mrefu aliniambia, akionyesha kivulini.

"Sikuja kuangalia."

Wakacheka. Lakini walikuwa tisa, na hesabu ya tisa ni mbaya. Mwanamke aliyekuwa akiuza chai pale akampokea mtoto, nikawa wa kumi. Nikawekwa timu moja na yule mrefu.

Nilikimbia. Nilikaa pembeni bila mtu wa kunikaba, mikono juu. Mpira ukapita. Niliita, ukapita tena. Hawakuwa wabaya. Hawakuniona tu, kama watu wasivyouona mlango ambao hawajawahi kuutumia. Mtoto akaanza kulia kule kwenye chai, na maziwa yakalowesha fulana yangu mbele ya wote, na hata hilo hawakuliona.

Yule mrefu akapita karibu yangu akidunda mpira. Nikampokonya.

"Wewe mama! Sisi iko timu moja!"

"Kweli? Nilikuwa sijui."

Nikadunda mara mbili, nikaupiga ubaoni, ukaingia.

Mchezo ukasimama. Wapinzani wakasema haihesabiwi, mtu hawezi kumwibia mwenzake. Wa upande wangu wakasema inahesabiwa, hakuna sheria inayokataza.

"Huyu anacheza na nani?" mmoja aliuliza.

"Muulize mwenyewe," mwingine akajibu, na hakuna aliyeniuliza. Walibishana kwa Kiarabu na Kiswahili, mimi nimesimama katikati yao. Mwishowe wakakubaliana: pointi mbili.

Tukaendelea. Sasa yule mrefu kila akipata mpira alinigeuzia bega, akiuficha nisiufikie. Nilikuwa nakabwa na watu tisa. Nilicheza hivyo hadi kilio cha mtoto kikawa kile ambacho mama hawezi kukivumilia, nikatoka bila kuaga.

Nilimnyonyesha kwenye benchi la muuza chai. Uwanjani walirudi kuwa tisa. Nilingoja mmoja ageuke aulize wa kumi amekwenda wapi. Mtoto alimaliza ziwa moja, nikamhamishia la pili.

Hakuna aliyegeuka.