Shati la Muuza Samaki

Siku ya kwanza kuripoti maabara ya uchunguzi wa jinai hapa Mwanza, nilikuwa nimekariri kila kitu. Mkuu wa maabara akaniwekea mezani kitambaa chenye damu. "Andika unachokiona." Nikajaza kurasa mbili. Akazichana. "Nimesema unachokiona, binti, si ulichosoma!" Nilimchukia mwezi mzima.

Baadaye niliongezewa kazi ya kufundisha chuoni. Jamani, yale mateso! Darubini moja, darasa limefurika, masomo yote kwa Kiingereza ambacho wengi hawakielewi. Ukiuliza vinasaba ni nini, unapewa maana yake na nukta zake zote. Ukiuliza unywele huu utauokotaje, kimya. Niliwapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini mtaala ulitakiwa uishe, nikauharakisha, wakafaulu.

Aliyeongoza ni Kabula, binti wa mtaa wa Pasiansi. Akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, alipelekwa na polisi Igoma kuchukua shati la muuza samaki aliyeshtakiwa kuua. Mwenyewe aliapa kwamba damu ile ni ya sangara. Kipimo tu kingeonyesha ni ya samaki au ya mtu. Siku kadhaa baadaye shati likanifikia: limefungwa bichi kwenye mfuko wa nailoni, na lakiri imegongwa vizuri juu yake. Nilipofungua, loh! Ukungu na uvundo. Damu imeoza, haipimiki tena.

Nikamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hata sikuitikia. "Mama yako anafanya kazi gani?"

"Anaanika dagaa."

"Huwa anawatia kwenye gunia wakiwa wabichi?"

"Hapana, si wataoza!"

"Na damu je?"

Akanikodolea macho, kisha akaanza kulia. "Mwalimu, kwenye mtihani niliandika kwamba nguo ikaushwe kwanza. Ukanipa alama zote. Sikujua ninachoandika."

Hasira zikaniishia, nikabaki na aibu.

Niliandika kwenye ripoti kwamba sampuli haikuweza kupimwa. Mke wa mshtakiwa akaja kuuliza majibu. Nikamwambia hakuna.

"Hakuna, maana yake ameua au hajaua?"



Mwaka huu nimestaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga, mkuu wa chuo alisimama akanisifu kwamba hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kufeli. Watu wakapiga makofi. Muuza samaki yule alikuwa bado mahabusu.