Gia ya Tano ya Kasiva

Shangazi yangu Kasiva hakielewi kitu cha chuma mpaka akione kwanza kikiwa cha mti. Ukimpelekea gia iliyovunjika jino, ataishika, ataigeuza, hata atainusa, kisha atatafuta kipande cha mbao na kisu, na kuketi kwenye kigoda mbele ya gereji yake hapa Sultan Hamud, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Wenye magari wamezoea kungoja. Vumbi jeupe la unga na vumbi jekundu la barabara hukutana pale mlangoni, na saa nane za mchana, joto linapofanya lami ionekane kama maji, mtu aliyeketi kwenye benchi la gereji ile hawezi kusema kwa hakika kama ameamka au amelala.

Alizaliwa Migwani, upande wa Kitui, binti ya mchonga vinyago. Baba yake alichonga twiga na swala wa kuuzwa mbali, na Kasiva akichonga miiko kwa mabaki. Alipoolewa na Kimeu, dereva wa lori la saruji, alifikiri kisu amekiacha nyumbani. Lakini siku moja alipokuwa akisafiri na mumewe, lori lilikufa giaboksi hapa mjini, wakangoja kipuri siku tisa. Kimeu alilala chini ya lori. Kasiva, kwa kuchoka kukaa bure, alizitoa gia moja moja kwenye mafuta, akachonga mfano wa kila moja kwa mbao za kreti ya soda, akazipanga juu ya kreti nyingine na kuzizungusha kwa kidole. Ananiambia kwamba siku hiyo aliona jinsi mwendo mmoja unavyogeuka kuwa mwingine, taratibu, bila kelele, na kwamba tangu hapo huuota. Kipuri kilipofika, yeye ndiye aliyemwonyesha fundi kinapokaa.

Hawakuondoka tena. Kimeu amefariki miaka kumi na moja sasa. Mwana wao Ndolo anafundisha Kitui. Kasiva amebaki na gereji, na sifa ya kufufua giaboksi ambazo wengine wamezikatia tamaa. Lakini kufufua ni kufufua tu. Kitu cha kichwa chake mwenyewe, ambacho hakikuwepo duniani kabla yake, alikuwa hajawahi kukiunda. Ndiyo maana gari la Mzee Thuo lilimkosesha usingizi.

Mzee Thuo ana duka la mabati na misumari karibu na reli. Yeye na mkewe Wakiuru walihamia hapa kutoka Murang'a wakiwa vijana, na mwaka wa pili tu akanunua gari la michezo la Kiingereza kutoka kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao. Ni gari dogo la viti viwili, la rangi ya maziwa ya chai, limeundwa mwaka 1967, na mtu mzima akilikalia huwa kama ameketi chini barabarani. Mji mzima unaliita Kadogo. Lilikuwa na gia nne tu. Kufika kilomita themanini kwa saa, injini ililia kwa sauti ya juu, ikaendelea kulia hivyo hadi mwisho wa safari, kama inayoita gia nyingine ambayo haipo. Wakiuru alikuwa akifunga leso masikioni. Mzee Thuo anapenda sana kusimulia, na kwa miaka arobaini alikuwa akianza hadithi pale kwenye kituo cha mafuta na kuiacha kabla ya Emali, mji unaofuata, kwa sababu kila sentensi ilijibiwa "Ati?"

Mwaka huu Wakiuru alikataa kuingia. Gari likakaa chini ya turubai miezi mitatu. Binti yao, Kui, akapata mnunuzi Nairobi, na wakapatana hivi: mwisho wa Oktoba, kama Kadogo hakawezi kusafiri kwa utulivu, kaende. Mzee Thuo alikuja gerejini kesho yake asubuhi, kofia mkononi.

"Mama Ndolo," alisema, "unaweza kukawekea gia ya tano?"

"Gia haiongezwi kama chumvi, Mzee. Ni kutoa giaboksi yote, tuweke ingine."

"Ya wapi sasa, na gari yangu ni ya zamani hivi?"

"Ya pikapu. Kuna moja iligongwa upande wa nyuma, mbele iko sawa. Gia tano, laini kabisa."

"Pikapu ya Mjapani na injini ya Mwingereza? Wataongea lugha gani?"

"Nitawatafutia mkalimani," shangazi akasema.

Mkalimani huyo ndiye aliyekuwa kazi yenyewe. Injini ina matundu yake ya boliti, giaboksi ya pikapu ina yake, na hayalingani. Lazima kuwe na sahani nene ya alumini katikati, upande huu ikamate injini, upande ule ikamate giaboksi, na tundu kubwa la katikati likae sawasawa, ili mhimili wa giaboksi uingie ndani ya injini bila kugusa kitu. Sahani ya namna hiyo haikuwa ikiuzwa popote tulipojua. Kasiva aliamua kuichonga kwa mti, kisha mfano ule apewe Nzau, anayeyeyusha vyuma chakavu na kumimina sufuria huko nyuma ya soko. Nzau angeuzika mfano kwenye mchanga, autoe, na amimine alumini katika nafasi yake.

Nilikuwa na shangazi siku zile, nimemaliza chuo na kazi sijapata, nikishika taa na kuandika vipimo. Alichukua gogo la mukau lililokatwa wiki hiyo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, na kwa sababu mikono ilikuwa ikimwasha. Sijawahi kumwona mtu akifurahia hivyo. Maganda ya mbao yaliangukia mapajani mwake, ya rangi ya nyama ya kuku, yakinukia mvua. Alichonga midomo ikitembea kidogo. Mara kwa mara alisimamisha kisu na kusikiliza, na mimi nikasikiliza pia, lakini niliyoyasikia yalikuwa malori ya barabarani tu. Mfano ulikuwa mzuri kama sinia ya harusi. Ulining'inia kwenye msumari wiki tatu, katika ule upepo mkavu wa Septemba, Nzau akikusanya alumini ya kutosha.

Sahani ilipokuja, ilikuwa na joto bado. Shangazi aliisugua, akatoboa matundu akifuata mfano, akaifunga. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, na mnunuzi alikuwa aje Alhamisi. Boliti za juu ziliingia. Za chini ziliingia. Za pembeni zikakwama, akazigonga kwa nyundo ya mpira, zikaingia kwa shida. Aliwasha injini, na chini ya sauti yake kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya chuma kinachokula chuma.

Akazima. Alitoa sahani, akaiweka sakafuni pamoja na ule mfano wa mti, akapima kwa uzi. Kutoka juu hadi chini, sawa. Kutoka kushoto hadi kulia, ilipungua milimita mbili. Duara lilikuwa limekuwa yai.

"Mti ulikauka," alisema polepole. "Ulikauka upande mmoja."

Alikaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu. Nyumbani kwao, aliniambia, hata mtoto wa miaka sita alijua. Baba yake hakuacha mti mbichi uone upepo; kila alichochonga alikizika kwenye unga wa mbao uliorowa, chini ya magunia, mwezi mzima, ili unyevu utoke pole pole. Na kitu kinachotaka kipimo hakukichonga kwa mti mbichi hata siku moja. Binti yake alikuwa amechonga mti mbichi na kuutundika upeponi.

Hapo ndipo Mzee Thuo alipoingia, akaona gari limeinuliwa juu ya mawe.

"Imeshika?"

Kulikuwa na njia. Niliiona machoni mwa shangazi ikipita. Angepanua matundu yale ya pembeni kwa tupa, akaze, sauti ingepungua, na gari lingefika Emali na kurudi. Mnunuzi angerudishwa. Kadogo kangebaki, walau hadi bering, zile gololi zinazobeba mhimili, iishe.

"Mzee, nimekosea," alisema. "Nimechonga mti mbichi. Ninaweza kuilazimisha ikae, na kesho utaendesha vizuri. Lakini itakula bering, na siku moja itakufungia magurudumu ukiwa na Mama Kui ndani."

Mzee Thuo alikitazama kile kiduara cha mti. "Na ukianza tena?"

"Mpaka nipate mti uliokauka zamani. Alhamisi itanipita."

"Basi itupite," akasema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Alfajiri tulipanda gari la Kitui. Kwao Migwani hakuna anayechonga tena. Tulipekua ghala, tukapekua jiko la zamani. Mbao zote zilikuwa zimeliwa au zimepinda. Ilikuwa jioni tulipoona, kwenye mgunga ulio nyuma ya boma, mzinga wa nyuki wa babu, gogo zima la mukau, pana kuliko kawaida, limelala kwenye matawi tangu kabla sijazaliwa. Nyuki walikuwa wamelihama. Kifuniko chake cha nyuma kilikuwa duara la mti wa unene wa vidole viwili, la kijivu kama jiwe. Shangazi aliligonga kwa kucha, likalia kama kengele.

"Huyu amemaliza kukauka," alisema.

Tulirudi nalo likiwa limefungwa kwenye kanga. Alipotia kisu, kijivu kiliondoka na ndani kukatoka rangi ya asali, na gereji nzima ikanukia nta. Wateja waliingia wakinusa, wakisahau walilojia. Mti ule ulikuwa mgumu, akakinoa kisu kila baada ya dakika chache, na alikuwa polepole safari hii, kama anayetembea ndani ya nyumba yenye mtu aliyelala. Kila alipoondoka aliufunika mfano kwa gunia.

Alhamisi mnunuzi alifika na viatu vyake safi. Mzee Thuo alijificha dukani kati ya mabati. Naamini alikuwa akilia. Aliyetoka nje ni Wakiuru.

"Mama, nimekuja kuona gari," mnunuzi alisema.

"Iko kwa matibabu," Wakiuru akamwambia. "Imefunguliwa tumbo. Utanunua mgonjwa akiwa mezani?"

"Niliambiwa leo."

"Na mimi niliambiwa miaka arobaini kwamba itanyamaza. Wewe umengoja siku moja."

Mwanamume yule alicheka, akasema atarudi Jumatatu na lori la kubebea, gari liwe limefungwa au halijafungwa. Wakiuru alinunua maandazi, akayaleta gerejini, akakaa kwenye benchi akimtazama shangazi akichonga mpaka jua likageuka.

Nzau alimimina Jumamosi asubuhi. Kasiva alipima kwa uzi mara nne, kisha akanipa mimi nipime. Boliti ziliingia zote kwa vidole, hata spana haikuguswa mpaka mwisho.

Jumapili, baada ya ibada, barabara ilikuwa tulivu. Mzee Thuo alivaa koti. Wakiuru aliingia akiwa na leso mkononi, hakuifunga. Sisi tulisimama kando ya lami, shangazi akiwa amefumba macho, na Kadogo kakaondoka.

Tulisikia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipopanda, Kasiva aliinua mkono wake wa kushoto bila kujua, kama mtu aliyeshika wenzo wa gia. Ya nne, na ile sauti ya zamani ikaanza, ile ya kulia. Gari lilikuwa mbali sasa, doa la rangi ya maziwa linaloelea juu ya maji yasiyokuwepo. Ililia, ikalia. Mkono wa shangazi ukatulia hewani.

Kisha ikashuka. Haikukatika, ilishuka tu, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akiuweka chini, na kilichobaki kilikuwa mvumo wa chini kabisa, ambao ulihisiwa kwa nyayo zaidi ya kusikika. Ukapotelea upande wa Emali.

"Imeingia," alisema, macho bado yamefumbwa.

Walikawia zaidi ya saa moja. Waliporudi, walikuwa wakigombana. Tuliwasikia kabla gari halijasimama.

"Si wewe uliyenunua hiyo ng'ombe!" Wakiuru alikuwa akisema. "Ni kaka yako!"

"Ningekuwa sijui ng'ombe nilinunua?"

"Mama Ndolo, muulize. Miaka arobaini ananianzia hii hadithi. Leo nimeisikia mpaka mwisho, na ni uongo mtupu!"

Mzee Thuo alikuwa akipangusa macho. Wakiuru alitoa simu kwenye mkoba, akampigia mnunuzi hapo hapo, mbele yetu sote, akamwambia kwa heshima asisumbue lori lake.

Kasiva hakungoja asikie mwisho wa mazungumzo hayo. Alitandaza gunia, akaingia chini ya gari, akanyoosha mkono juu mpaka kwenye ile sahani, kuona kama imepata joto lisilofaa. Haikuwa na joto zaidi ya mkate uliotoka kwenye jiko. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana, na kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka.

"Mzee," aliita kutoka kule chini, "usizime kwanza."