Mtoa Taarifa Namba Kumi na Moja

Hasina Matano ni mzaliwa wa Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Huu ni mwaka wake wa tisa akifundisha katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Kwao wakimuuliza anafundisha nini, hujibu kwa kifupi kwamba anafundisha mambo ya jinai. Siku moja aliwahi kusema anafundisha uhalifu, wifi yake Umi akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Aliyemlea ni kaka yake, Hafidhi. Baba yao alifariki Hasina akiwa darasa la nne, na Hafidhi, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaacha kwenda baharini akajifunza ufundi wa boti ili awe anarudi nyumbani kila jioni. Ndiye aliyemsindikiza bweni kidato cha kwanza, na ndiye aliyekuja kwenye mahafali amevaa kanzu aliyoazima. Kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ana kovu la lami ya moto alilolipata kazini.

Darasani Hasina ana sifa ya kutohitaji karatasi. Somo lake la kwanza kila mwaka huanza kwa kuandika ubaoni maneno yaleyale ya magazetini: aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Kisha huwageukia wanafunzi. "Nani ameua hapo?" huwauliza. Wanafunzi hucheka kidogo. "Sentensi hii imeficha watu," huwaambia. "Kazi yenu ni kuwatafuta."

Mwaka juzi aliamua kuwapeleka wanafunzi kumi na sita wa mwaka wa tatu wakafanye mafunzo kwa vitendo kisiwani kwao kwa wiki moja. Mada ilikuwa watu kujichukulia sheria mkononi. Alichagua Mafia kwa sababu anakujua, watu wangewapokea vizuri, na kwa kuwa kisiwa ni kitulivu, wanafunzi wangejifunza kuuliza bila hatari. Miezi minane kabla ya hapo Umi alimwambia kwenye simu kwamba mgeni mmoja wa dago, yaani kambi ya wavuvi, amefariki pale kijijini. Hasina alisema innalillahi, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya binti wa jirani.

Walivuka kwa boti kutoka Nyamisati, wakapanga vyumba Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na shule moja ikawapa darasa la kukutania nyakati za alasiri. Kila mwanafunzi alibeba fomu za ridhaa. Fomu ile Hasina aliiandika mwenyewe. Ilisema jina la mtoa taarifa halitaandikwa popote wala halitatolewa kwa mtu yeyote. Aliwasomea sentensi hiyo mara mbili, akawaambia mtafiti akiivunja, hakuna kijiji kitakachomfungulia mlango tena yeye wala atakayemfuata.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Faraja kusoma alichokusanya. Faraja alikuwa msichana mpole kutoka bara, mwenye mwandiko mdogo sana, na watu wazima walimpenda kwa sababu alijua kusikiliza. Kikundi chake ndicho kilichokwenda Kanga.

"Mtoa taarifa namba kumi na moja," alisoma. "Mwanamume, miaka hamsini na mbili, fundi. Nilimkuta peke yake. Anasema mashine ya boti ya mtu mmoja ilipotea usiku. Alfajiri mvuvi wa dago aitwaye Kheri akaonekana anatoka pwani na spana mkononi. Mtu akapiga kelele za mwizi. Namnukuu: 'Mimi nilikuwa natoka msikitini. Nilikimbia kama walivyokimbia wengine. Nilishika kipande cha mti kwenye gogo langu la kazi. Yule kijana alisema, baba, subiri niseme. Nikampiga la kichwa.'"

Faraja akafunua ukurasa.

"'Siku ya nne yalikuja maji ya bamvua, bahari ikakupwa mbali, wanawake wakaenda kuchokoa pweza. Wakaikuta mashine imelala mchangani, hatua chache kutoka pale boti ilipotia nanga. Vibano vililegea, ikaanguka yenyewe. Kheri tulikuwa tumeshamzika. Tulimwosha sisi wenyewe, maana hakuwa na ndugu hapa. Maji nilimwagia mimi.'" Faraja alisita. "Halafu nimeandika hapa: anajikunajikuna mkono wa kushoto, una kovu kubwa."

Hasina alikuwa amekaa nyuma, kwenye dawati la wanafunzi. Aliona tu kwamba kalamu aliyokuwa ameishika imeandika duara moja juu ya jingine mpaka karatasi ikatoboka.

"Madam," Saburi, mwanafunzi mwingine, alinyoosha mkono. "Huyu si ameua? Tunamfanyaje?"

Wote wakamgeukia. Hasina alisimama. Alisema alichokuwa amekifundisha kwa miaka: kwamba mtu yule amezungumza kwa sababu aliahidiwa siri, kwamba mtafiti si askari, kwamba suala hili atalipeleka kwa kamati ya maadili ya chuo nayo itaamua. Kila neno lilikuwa sahihi. Lakini alipokuwa akilisema, alijisikia anamkinga kaka yake, na hakuweza kujua ni ipi iliyokuwa inasema, elimu au damu.

Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda mpaka Kanga. Hafidhi alikuwa ameinamia boti, anaziba nyufa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hukuniambia kama unakuja, Umi angepika."

"Ulizungumza na mwanafunzi wangu."

Hafidhi aliweka patasi chini. Hakukana. "Nilijua ni wa kwako," alisema. "Alinisomea ile karatasi yake, nikajua hayo ni maneno yako. Nikasema afadhali nimwambie huyu. Wewe ningekutazama vipi?"

"Ulitaka nijue?"

"Nilitaka mtu ajue. Kijiji kizima kinajua, na hakuna anayesema. Ukienda msikitini tuko safu moja. Ukienda shughulini tunakula sinia moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulitaja jina lake tangu tulipomzika."

Hasina alimwambia aende polisi. Hafidhi alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, "Nikifika nitasema nini? Tulikuwa watu zaidi ya thelathini. Niwataje? Yupo mwana wa shangazi, yupo mwalimu wa madrasa, yupo mume wa huyu na kaka wa yule. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie, pigo la nani ndilo lililomuua?"

Swali hilo Hasina huwauliza wanafunzi kwenye mtihani. Lina majibu yake, na alama zake. Pale pwani alisema tu, "Sijui, kaka," akakaa juu ya gogo, na Hafidhi akakaa pembeni yake mpaka jua lilipopanda.

Hasina alikwenda polisi yeye mwenyewe. Afande aliyempokea alikuwa mtu mstaarabu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, wewe uliona?"

"Sikuona."

"Nani kakwambia?"

Hasina akapima majibu mawili. Akimtaja Faraja, fomu imevunjika. Akimtaja Hafidhi, anasimulia alichoambiwa, si alichokiona.

"Faili lipo, halijafungwa," afande alisema. "Tulihoji watu arobaini. Wote walikuwa shamba, au baharini, au wamelala. Niletee mtu mmoja tu aliyekuwepo."

Kamati ya chuo ilijibu baada ya wiki sita. Kumbukumbu za mahojiano zihifadhiwe kwa siri, na watoa taarifa wasifichuliwe. Barua ilikuwa na aya tatu na ilimshukuru kwa uangalifu wake. Siku hiyohiyo Faraja aligonga mlango wa ofisi.

"Madam, naomba nikuulize, usinikasirikie. Yule mzee ni ndugu yako?"

"Ni kaka yangu."

Faraja alilia. Alisema kila anapofungua daftari anasikia lile neno, baba, subiri niseme. Aliuliza kama alikosea kuuliza maswali. Hasina alimwambia hakukosea, akampa maji, akamsindikiza hadi mlangoni. Faraja alimaliza shahada yake. Sasa anafanya kazi ya bima, na hataki kusikia habari za utafiti.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, Hafidhi alikwenda Kilindoni bila kumwambia mtu, akajitaja polisi. Alieleza alipokuwa, alichoshika, alivyopiga. Hakutaja mwingine yeyote. Aliwekwa ndani. Umi alipompigia Hasina, hakuweza kusema sentensi kamili, na Hasina alivuka kesho yake akiamini kwamba, kwa uchungu wote, angalau jambo limepata mwanzo.

Alikuta kijiji kimeshatangulia. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandikisha maelezo kwamba asubuhi ile Hafidhi hakuwepo Kanga kabisa. Alikuwa Miburani, kijiji kingine cha hapohapo kisiwani, anatengeneza boti ya mtu. Mwenye boti naye aliapa hivyo. Imamu alisema fundi ana huzuni tangu aoshe maiti ile, na akili yake imeyumba kidogo. Walimtetea kwa mapenzi, na kila mmoja alikuwa anajitetea mwenyewe. Hasina aliwaendea nyumba kwa nyumba. Walimpokea vizuri, wakamtilia chai, wakamwita mwanetu. Shangazi yake alimshika mkono akamwambia, "Tunamrudisha kaka yako nyumbani, wewe unatuzuia?"

Baada ya miezi mitatu Hafidhi alirudishwa. Maelezo yake yalipingana na ya watu wote, na faili likasema ushahidi hautoshi. Wanakijiji walimpokea kwa maulidi. Umi anasema alikaa katikati ya watu, amevishwa kanzu mpya, macho yakiwa chini mpaka dua ya mwisho.

Hasina bado anafundisha. Wanafunzi wanasema siku hizi anasoma kutoka kwenye karatasi, na wakiuliza swali gumu anawaambia waliandike, atalijibu wiki ijayo. Wiki ijayo wakati mwingine haifiki.

Iddi iliyopita alikwenda kwao. Hafidhi alimpeleka makaburini, kwenye kaburi la Kheri, ambalo hulipalilia kila Ijumaa. Walipokuwa wanang'oa majani, kaka yake alimweleza jambo ambalo alikuwa hajawahi kulisema. Kheri alikuwa na mama, upande wa Kilwa. Watu wa dago walimpelekea habari kwamba mwanawe amezama, na maiti haikuonekana.

"Hajui kama ana kaburi," Hafidhi alisema. "Namba yake ninayo, nilipewa na mwenzake wa dago. Nikimpigia mimi, nitamwambia nani kamzika, na ataniuliza amekufaje. Nimejaribu mara nyingi. Sauti yake ikitoka tu, nakata. Mpigie wewe. Wewe unajua kusema na watu."

Hasina aliichukua namba, akaiandika kwenye simu yake kwa jina la Mama Kheri. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Ameitafuta mara kadhaa, akaitazama, akafikiri aanzie wapi. Hajapiga.