Mashine Aliyoiita Biharusi

Naikumbuka vizuri siku moja, mwanangu, siku niliyoshuka Kilindoni kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam nimevaa ovaroli ya buluu. Jua linachoma, watu wote wamevaa misuli na fulana, mimi nimejifunga vifungo mpaka shingoni, jasho linanichuruzika, na sivui ng'o! Mama yangu alinipokea akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo nguo ya fundi." Akasema, "Mashallah. Basi fundi, jitwike huo mzigo twende."

Nakwambia haya ili ujue nilivyokuwa. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na sanduku la spana, na kisiwa kizima cha Mafia nilikiona kidogo.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mpya, na Azimio la Arusha jipya zaidi. Shamba moja kubwa la minazi lilikuwa limeshakuwa mali ya umma, na meneja wake wa Kizungu alikuwa ameondoka na mkewe. Waliacha jumba lao, jenereta, tangi la maji juu ya mnara, na huko jikoni wakaacha kabati kubwa jeupe ambalo mke wa meneja alikuwa akiliendesha mwenyewe na hakumruhusu mtu kuligusa. Ilikuwa mashine ya kuoshea vyombo. Jumba likafanywa nyumba ya kulala wageni wa serikali. Msimamizi wake aliitwa Ndugu Kassim, mtu mwembamba, hana mchezo, na kwa kuandika barua hajambo. Mpishi alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa kutoka Bweni, mnene, mcheshi, aliyekuwa amepika jikoni mle tangu enzi ya Mzungu. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wajukuu zake wanne.

Nikaitwa kuiwasha mashine. Nikaunga mpira wa maji, nikaunga umeme, ikanguruma. Bi Mwanaidi alipiga kigelegele! Tangu siku hiyo akaifunika kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe maua ya asumini, akaiita Biharusi. Kila asubuhi akiingia jikoni alikuwa akiiamkia: "Umeamkaje, Biharusi?" Sisi hoi kwa kicheko.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Nilisimama katikati ya jikoni nikatoa mafunzo kwa Bi Mwanaidi na wasaidizi wake. Nikasema wasihangaike kukwangua masazo, wavitie vyombo kama vilivyo, mashine itamaliza kila kitu.

Bi Mwanaidi akaniuliza, "Hata mabakuli yenye machicha ya nazi?"

"Hata hayo, Bibi."

"Na miiba ya samaki?"

"Bibi, hii ni mashine. Siyo mtu."

Yeye alikuwa amezoea kuosha kwa majivu na kumbi la nazi, lakini fundi ameshasema, basi akafuata. Ukweli ni kwamba chuoni mashine ya namna ile niliiona kwenye picha tu, na ukurasa wenyewe tuliupita haraka kwa sababu kengele ya chakula ilikuwa imelia. Hilo sikumwambia mtu.

Haikufika miezi miwili, Biharusi akagoma. Maji yanaingia, hayatoki. Sahani zinatoka na uji wa kijivu unaonuka samaki. Nikaitwa. Nikamkuta Bi Mwanaidi ameketi kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, uso umemshuka kama ana mgonjwa nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi mashine siijui, lakini naona kama imeziba kule chini."

Nikacheka. Astaghfirullahi, nilicheka kweli! Nikamwambia, "Bibi, hii ina mota na pampu. Niachie mimi."

Siku tatu, mwanangu. Siku tatu nilifungua nati, nikatandaza mkeka sakafuni, nikapanga vyuma. Mota nikaifungua, nzima. Waya nikazipima, nzima. Nikafunga tena, nikabakiwa na skrubu mbili ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi. Nikawasha. Maji yale yale, uji ule ule.

Ndugu Kassim akaja na miwani yake puani. "Vipi, fundi?"

Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa. Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini ovaroli ile haikuniruhusu kusema sijui. Nikatazama ule uji wa kijivu, nikakumbuka majivu ya Bi Mwanaidi, nikasema, "Ndugu, mashine imetiwa majivu. Nadhani kuna mtu hakuipenda."

Nilisema "nadhani." Lakini siku hizo kuharibu mali ya umma halikuwa jambo la kudhaniwa tu. Ndugu Kassim akamwita Bi Mwanaidi palepale. Bibi akasema, "Wallahi sikutia majivu. Mimi nimharibu Biharusi?" Ndugu Kassim akanitazama mimi. Mimi nikatazama skrubu zangu. Basi likawa hilo. Barua itaandikwa, Bibi atapika mpaka Alhamisi mchana, kisha aende zake.

Usinione nacheka sasa. Usiku ule nilikesha.

Alhamisi ikafika. Nilikuwa jikoni najifanya nafungafunga. Wageni watatu walikuwa wanasubiri chakula cha mchana, na Bi Mwanaidi alitaka wali wake wa mwisho pale uwe wa nazi. Kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma. Akaniambia bila kinyongo, "Hebu nisaidie kukamua." Akanipa kifumbu, kile kifuko cha ukili tunachochujia tui. Nikakamua. Tui halitoki. Nikakaza, meno nimeyauma, mishipa imenitoka shingoni. Pwaa! Kifumbu kikapasuka ubavuni, tui likanirukia machoni, puani, na kwenye ovaroli yangu.

Bi Mwanaidi, na siku yake ya kufukuzwa ndiyo hiyo, akacheka mpaka akashika meza. "Ebo! Wewe kijana una ugomvi na nani? Kimejaa hicho. Ukung'ute machicha kwanza, ndipo ukamue!"

Mimi sikucheka. Nilisimama tui linanidondoka kidevuni, nikaitazama ile mashine. Kisha nikazima umeme, nikapiga magoti, nikatoa vichanja vyote vya sahani, nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, mahali ambapo kwa siku tatu sikupagusa kwa sababu hapakuwa na mota. Kulikuwa na chujio. Linazungushwa kwa vidole tu, halitaki hata spana, likatoka. Toba! Machicha yameshikana na wali, magamba ya changu, miiba, na kipande cha ndimu. Majivu hata chembe. Kila kilichokuwemo mle niliagiza mimi kitiwe.

Uchafu nikaumwaga kwenye karai mezani, chujio nikalipeleka kisimani, nikalisugua. Furaha ikanipanda kichwani, nikasahau mengine yote. Nikajaza vyombo. Ile sabuni ya unga iliyoachwa na Wazungu ilikuwa imekwisha, lakini mimi fundi bwana, nikachukua mche wa sabuni ya kufulia, nikakuna nusu yake kwa mbuzi ya nazi, nikaimimina yote ndani, nikawasha.

Maji yakaingia. Maji yakatoka! Bi Mwanaidi akapiga kigelegele, nami nikaruka. Halafu povu likaanza kuchungulia mlangoni mwa mashine. Kwanza kidogo. Kisha likafuliza. Likashuka sakafuni, likapita chini ya meza, likatufika magotini, likatoka nje mpaka barazani, kuku wakakimbia wanapiga kelele. Bi Mwanaidi akawa anatupa chumvi konzi kwa konzi ili povu linywee, huku anasema, "Biharusi anaoga jamani, mpisheni!"

Ndipo Ndugu Kassim akaingia. Mkononi barua, imeshapigwa muhuri. Kiatu kimoja kimezama. Hakunitazama mimi. Alimtazama Bi Mwanaidi, akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Mwanangu, kicheko chake Bibi kilikatika hapo hapo. Alijua jibu lolote atakalolitoa halitasikilizwa. Na mimi nilijua nikikaa kimya tu, bila hata kusema neno, yatamwangukia yeye mara ya pili.

Nikasema, "Ni mimi, Ndugu. Na la mwanzo pia ni mimi." Nikamwonyesha yale machicha niliyoyatoa. Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasikwangue, kwamba Bibi aliniambia imeziba nikamcheka, kwamba majivu niliyazua kwa kuwa niliona haya kusema sijui. Nilijua kazi imekwenda.

Ndugu Kassim akavua miwani iliyokuwa imeingia mvuke, akaifuta, akaivaa. Kisha akamgeukia Bi Mwanaidi. "Bi Mwanaidi, barua hii ni yako. Wewe ndiye uliyeonewa. Useme huyu tumfanye nini."

Bibi akajifuta chumvi mikononi. Akaichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akavitia jikoni motoni. Akasema, "Avue hilo liguo lake apige deki. Akimaliza aje ale, wali umeiva."

Niliivua, mwanangu. Nikapiga deki kwa fulana na msuli, nikala wali wa nazi nimeketi kando yake, nikalia ndani ya sahani kama mtoto, naye akaniongezea samaki. Sijapata kula chakula kitamu kama kile. Na kila wiki tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda kumsafishia chujio, mpaka mwenyewe akanifukuza: "Kwani mimi sina mikono?"

Basi wewe unayeshika spana leo, shika na haya. Ukiitwa kutengeneza kitu, kwanza muulize anayekitumia kila siku, hata kama hajui jina la chuma hata kimoja. Zima umeme. Anza na pale panapofunguka kwa vidole kabla hujaenda panapotaka spana. Neno "sijui" liseme mapema, lingali jepesi mdomoni. Na siku utakapokosea, maana utakosea, jitaje mwenyewe kabla macho ya watu hayajamfikia mnyonge aliye karibu. Kosa lako ukimwachia mwingine alibebe, hutalala, nami nakwambia kwa kuwa nilikesha.

Mungu akujaalie mikono yenye baraka na riziki ya halali. Akupe watu watakaokucheka usoni na kukusamehe moyoni. Na kila jiko utakaloingia na sanduku lako, uondoke umeacha watu wanacheka. Amina.