Fundo la Noreen Pawlak

Noreen Pawlak alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo za wavu, katika Chuo cha Corbin Falls kwa miaka kumi na minane, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwita Kocha bila kuongeza jina. Kwetu wa kuitwa Kocha tu ni mmoja, yule mkuu. Wa pili hubandikwa jina nyuma kama tela: Kocha Noreen. Wasichana hawafundishwi jambo hili na mtu. Wanafika mwishoni mwa Agosti na mabegi yao na vijifriji vyao, na kufikia Jumatano wameshalijua.

Mimi ni mkutubi wa chuo. Kwenye mechi za nyumbani mimi hushika saa ya mchezo, kwenye meza iliyo kando ya uwanja, mahali ambapo upepo wa ziwani huja kupumzikia. Kazi hiyo haina malipo ila supu ya mapumziko, na supu ilikuwa ya Noreen, aliyeomba radhi kila ilipopoa.

Majukumu yake hayakuwahi kuandikwa yote mahali pamoja, labda kwa sababu mwandishi angeona haya. Alifua jezi, alikodi basi, alikatakata video za mechi hadi macho yakawa mekundu. Kila Julai alikaa kwenye kiti cha kukunja huko Maryland au New Jersey, juani, akitazama mabinti wa miaka kumi na sita wakicheza ili achague wa kuwaleta chuoni, huku akijifanya hamtazami yule anayemtaka, maana makocha wa vyuo vingine walikuwa wanayafuata macho yake. Baadaye alikwenda nyumbani kwa binti na kukaa jikoni na wazazi. Gretchen Aldous, kocha mkuu, hakupenda majiko ya watu. Noreen aliyapenda. Alikula alichopewa, akamwambia mama, "Mwanao akishikwa na mafua, mimi ndiye nitakayempelekea supu." Shida ni kwamba ilikuwa kweli.

Na alifuma. Fimbo ya lakrosi ina kichwa chenye wavu, na ndani ya wavu kuna kifuko ambamo mpira hulala. Kifuko kirefu huung'ang'ania mpira hata ukimbie vipi, kwa hiyo kila mchezaji anakitaka, na kwa hiyo kimekatazwa. Sheria ya wanawake ni fupi: mwamuzi akiweka mpira ndani na kuutazama kutoka ubavuni, lazima auone umechungulia juu ya ukingo. Ukizama, fimbo ni haramu, na goli lililofungwa kwayo linafutwa. Fimbo hupimwa kabla ya mechi, na tangu zianze kupimwa, wachezaji wamekuwa wakivuta nyuzi baada ya kupimwa.

Fimbo zote za timu zilipita mikononi mwa Noreen. Uzi wa chini aliuzungusha mara mbili, akakaza kwa meno, kisha akaichoma ncha kwa kiberiti cha gesi mpaka ikawa ushanga mdogo mweusi. Fundo lake ungelitambua kwa kidole huku umefumba macho.

Fainali ya kanda tumeifika mara moja tu, miaka tisa iliyopita. Ilikuwa nyumbani. Kumi na moja kwa kumi na moja, imebaki dakika moja na sekunde arobaini, Blair Costigan akafunga. Blair alikuwa mwaka wa tatu, binti wa Long Island, mmoja wa wale ambao Noreen aliwapata jikoni kwa mama zao. Kocha wa wapinzani akanyoosha mkono na kuomba fimbo ipimwe. Mwamuzi akaweka mpira, akapiga goti, akatazama. Akatazama tena, kwa heshima ya fainali. Mpira ulikuwa umezama.

Goli likafutwa, na fimbo ikaletwa mezani kwangu, maana fimbo haramu hukaa mezani hadi mwisho. Nikaipakata. Wapinzani walipofunga la kumi na mbili, mimi nilikuwa nimeinama, natazama uzi wa chini. Ulikuwa umefungwa harakaharaka, kama mtu afungavyo kiatu akikimbilia basi. Ncha ilikuwa imechanuka. Haikuwa imechomwa.

Watu walipotawanyika Noreen akaja kuichukua.

"Hili si fundo lako," nikamwambia.

"Leo ni langu."

"Noreen."

"Ana miaka ishirini, mzee wa saa. Yeye akibandikwa jambo hili halitamtoka. Mimi nikibandikwa, nani atajua? Nani hunitazama?"

Yaliyotokea aliniambia wiki kadhaa baadaye, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitabu. Wakati wa mapumziko Gretchen alimwambia Blair, "Hebu legeza huo uzi, mpira unakuponyoka."

Noreen akasema, "Kocha, wanaweza kupima tena."

"Wamepima asubuhi. Wewe Noreen, kivuli cha mwamuzi tu kinakukimbiza."

Blair akacheka, akavuta uzi. Noreen akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko alikokuita kosa lake, na alilihesabu kuwa kosa zima.

Kwetu vifaa ni vya msaidizi. Timu ikishinda, fimbo ni za Kocha. Zikikutwa na kasoro, zina mwenyewe. Gazeti la wanafunzi lilipomuuliza, Noreen alisema, "Nilifuma vibaya," na Gretchen, aliyekuwa kasimama karibu naye, akampigapiga begani kama mtu anayetuliza farasi. Tangu mwaka huo mji una utani wake. Ijumaa watu wakila samaki wa kukaanga kwenye baa, hakosi mmoja wa kuinua kikopo cha sosi chenye kipande cha ndimu na kusema, "Mwiteni Noreen apime, hii ndimu naona imezama." Noreen alicheka pamoja nao. Alicheka kwa miaka tisa, na kila mara kama ndiyo kwanza anausikia.

Kila Juni Gretchen aliwaalika watu nyuma ya nyumba yake kwa kuku na viazi vya chumvi, na kila Juni alimwambia Noreen, "Siku moja haya yote yatakuwa yako." Alionyesha kwa uma. Hatukuwa na hakika kama anamaanisha timu au jiko la mkaa.

Agosti iliyopita Gretchen alistaafu, akahamishia magoti yake mabovu Florida. Noreen akateuliwa kaimu. Siku ya tatu ya mazoezi, Tess Varga, binti wa mwaka wa kwanza, akamwita kutoka upande wa pili wa uwanja, "Kocha, hii mipira iende wapi?"

Hakuongeza jina.

Noreen akaitazama mipira kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Kwenye ndoo," akasema. "Mipira huenda kwenye ndoo."

Kesho yake alikuja maktaba kuniambia, akilisimulia kama habari ya hali ya hewa. Lakini hakuwa amekuja kuazima kitabu, na alisimama pale mezani hadi akaombwa apishe foleni. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyoitaka ile kazi. Miaka kumi na minane hakuwahi kuitamka.

Kamati ya uajiri ilikuwa na watu watano. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa kuwa kanuni inadai mtu asiye wa michezo, na Todd Emmerling, mkurugenzi wa michezo, alitafuta asiyesumbua. Tuliita watatu: Noreen, mwanamume mmoja kutoka Ohio, na Blair Costigan, sasa ana miaka ishirini na tisa, tayari kocha mkuu wa chuo kimoja huko Connecticut. Kwa kuwa Noreen alikuwa kaimu, ilikuwa kazi yake kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwatembeza. Akawatembeza. Alimfungulia Blair mlango wa gari, akambebea begi, akamwonyesha stoo aliyoipanga mwenyewe.

Kabla ya usaili nilimwomba, "Acha niseme kuhusu lile fundo."

"Usiseme. Blair atasema mwenyewe. Nimekaa jikoni kwao, namjua mama yake."

Jumatatu ilikuwa zamu ya Noreen. Lyle Hotchkin, mjumbe wa bodi aliyetununulia ubao wa magoli na hivyo kujiona mmiliki wa magoli yenyewe, alisubiri wengine wamalize habari za mazoezi na masomo.

"Ile fimbo," akasema. "Tueleze."

"Vifaa vilikuwa chini yangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Vifaa vilikuwa chini yangu," Noreen akarudia.

Jumanne saa nne asubuhi akaingia Blair, na Hotchkin akamuuliza lilelile. Blair akanywa maji. Mimi nikamtazama yeye, yeye akalitazama jagi.

"Ilikuwa siku ngumu," akasema. "Nadhani ilinifundisha kusamehe."

Kamati ikaguna kwa kuridhika, kama waumini waliosikia mahubiri mafupi.

Alipotoka nje nikasema. Najua nilikatazwa. "Fundo lile halikuwa la Noreen. Fimbo niliipakata mimi. Mtu alilegeza uzi baada ya kupimwa."

"Fimbo unayo?" Emmerling akauliza.

"Sina."

"Noreen amewahi kusema hivyo?"

"Amesema kinyume chake. Jana, hapa hapa."

"Sasa mzee, unataka tumwajiri kwa kumwita mwongo?"

"Maktaba," akasema Hotchkin, "wana rafu nzima ya hadithi za upelelezi." Wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na hilo nimelikumbuka kuliko mengine. Muhtasari wa kikao unasema: *Mjumbe wa maktaba aliuliza kuhusu vifaa.*

Kisha ikasomwa barua ya Gretchen kutoka Florida. Alimsifu Noreen kwa ukurasa mmoja na nusu. Neno "mwaminifu" lilitokea mara nne. Neno "kiongozi" nililitafuta mpaka kwenye sahihi. Kura zikawa nne kwa moja, na kazi ikawa ya Blair.

Wiki hiyohiyo nilikwenda stoo kurudisha saa ya mezani. Noreen alikuwa ameketi juu ya kreti, fimbo magotini, uzi kati ya meno. Blair akaja akasimama mlangoni. Aliniona, nami nikageukia rafu kana kwamba saa ina mahali pake maalumu. Hakuna aliyeniambia niondoke. Watu wa mezani hawahesabiwi.

"Kocha Noreen," akasema Blair.

Noreen akautoa uzi mdomoni. "Kocha," akajibu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita hivyo.

"Nilikuwa na miaka ishirini."

"Najua. Nilisema hivyo hivyo siku ile."

"Ningesema nini pale ndani? Wangenitoa."

"Ndiyo. Wangekutoa."

Blair akafuta pua kwa mkono wa sweta, kama alivyofanya zamani mazoezini. "Unataka niende kwa Emmerling sasa? Nikamwambie?"

"Nilitaka Jumanne. Saa nne. Jumanne ulikuwa na ishirini na tisa." Noreen aliuvuta ule uzi ukalia. "Sasa utamwambia ili mimi nikuambie acha. Nakuambia mapema, acha."

Kwenye ukumbi wa mazoezi mtu alikuwa anadundisha mpira wa kikapu, mdundo mmoja mmoja.

"Utabaki?" Blair akauliza. "Bila wewe hapa sijui hata funguo za basi ziko wapi."

"Basi halina funguo hapa. Dereva huja nazo."

"Kocha Noreen, utabaki?"

Noreen akawasha kiberiti, akaichoma ncha, akaipuliza, akaigusa kwa kidole kuona kama imeshika. "Wale sita wa mwaka wa kwanza," akasema, "niliwaahidi mama zao."

Blair akasema asante. Nadhani alidhani amejibiwa kwa wema.

Mechi ya kwanza ilichezwa mapema Machi, theluji imekokotwa hadi kingo za uwanja. Dakika ya tatu Tess Varga akafunga, goli safi, kona ya juu. Kocha wa wageni, mtu mwenye kumbukumbu, akanyoosha mkono. Mwamuzi akaweka mpira kwenye kifuko, akapiga goti. Wasichana wetu waliokuwa benchi hawakuitazama fimbo. Walimtazama Noreen. Nyuma yangu mtu alisema neno kuhusu ndimu.

Mpira ulionekana. Goli likasimama.

Tess na wenzake wakaja mbio kuelekea benchi, mikono wameitanua, wakiita, "Kocha, Kocha." Noreen akageuka. Alipiga hatua moja, na mkono wa kulia ukainuka hadi usawa wa mkanda. Wakampita, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakamrukia Blair.

Noreen akainama kwenye ndoo na kuanza kupanga mipira iliyokuwa imeshapangwa.

Wakati wa mapumziko akaniletea supu. Ilikuwa imepoa, na kwa mara ya kwanza hakuomba radhi.