Krimu au Samawati

Naandika haya kabla mke wangu hajaanza tena kusema nami. Wazee wa kumposa binti yetu Kendi walikuwa wanakuja kwetu Mikinduri, na mimi nilishindwa kuchagua rangi ya sebule. Nikapaka ukuta mmoja krimu, mwingine samawati, nilinganishe.

“Baba Kendi, chagua moja!” mke wangu alisihi.

Kitabu changu cha ufundi wa kupaka rangi kilisema rangi ya mafuta hukauka kwa siku moja. Ukungu wetu wa Julai hakikuujua. Kesho yake nilikuwa bado nalinganisha wageni walipoingia, wakaketi kwenye mabenchi na kuegemea kuta.

Msemaji wao aliposimama kumposa Kendi, koti liling’ang’ania ukutani. Akajipapasa mgongo.

“Mkwe, tumewaletea mbuzi wa kutiwa alama ya rangi, na ni sisi mliotutia?”

Kendi akaweka chini uji aliokuwa akiwaletea wageni, akatoka akilia.